Taita-Taveta: Panda Milima Kwanza, Tsavo Baadaye

Ukisafiri kwa basi kati ya Nairobi na Mombasa, Taita-Taveta utaiona dirishani tu: vichaka, udongo mwekundu, vichaka tena, kisha Voi, chai ya haraka na msalani, halafu basi hilo limeondoka. Wachache wanaoshuka huelekea moja kwa moja langoni mwa Tsavo. Siwalaumu. Mbuga mbili, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii, na tangu zilipotengwa mwaka 1948 ndizo zilizobeba sifa yote. Ila wenyeji hawaishi humo. Wengi wako juu, kwenye milima ya Taita, ambako jioni watu huvaa masweta na ukungu huingia sokoni bila hodi.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye siku nne hivi, mfuko wa kadiri, na ama hana gari au ana gari dogo la mjini. Shauri langu kubwa ni la mpangilio: anza na milima, wanyama uwaache mwisho. Utafika Voi mchana, jua la utosi, saa ambazo hata tembo wamejibanza vivulini. Kulipa kiingilio cha mbuga kwa saa mbili tatu zilizobaki ni hasara tupu. Tumia mchana huo kupanda Wundanyi, mji mdogo wa milimani. Mbuga utaiingia siku nyingine alfajiri, ukiwa umelala karibu na lango.

1. Chagua mwezi

Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Barabara za lami, ile ya Voi–Mwatate–Taveta na ile inayopanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi, hupitika mwaka mzima. Balaa ni njia za udongo zinazoelekea misituni na vileleni: zikinyeshewa mfululizo, hata mwenye bodaboda anaweza kukukatalia.

Juni hadi Septemba mbuga hukauka, vichaka hupungua majani na wanyama hukusanyika penye maji, kwa hiyo ni rahisi kuwaona. Lakini milimani huo ndio msimu wa baridi, na kuna siku ukungu hauondoki hadi jua liwe juu kabisa. Mimi hupendelea Januari na Februari. Anga huwa safi, na ukiwahi kileleni alfajiri unauona Mlima Kilimanjaro upande wa magharibi.

2. Fika Voi, lakini usilale Voi

Kutoka Nairobi ni kama kilomita 330, kutoka Mombasa kama 160. Treni ya SGR, ile reli mpya, ndiyo njia tulivu zaidi, ila angalia unakata tiketi ya treni ipi, kwa sababu si zote zinazosimama Voi. Unayoitaka ni ile ya asubuhi inayosimama vituo vya kati. Tiketi hukatwa mtandaoni au kwa simu kupitia *639#, unalipa kwa M-Pesa. Beba kitambulisho kile kile ulichokatia tiketi, maana hukaguliwa stesheni. Wikendi ndefu na likizo za shule tiketi huisha mapema mno. Usingoje Alhamisi kukata ya Ijumaa.

Omba kiti cha dirishani. Baada ya Mtito Andei reli hupita ndani ya Tsavo juu ya tuta refu, na ukiwa na bahati utaona tembo na pundamilia kabla hujalipa senti ya kiingilio. Ukivuka mto Tsavo, jua hapo ndipo mwaka 1898 simba wawili madume, wasio na manyoya shingoni, walipowawinda wajenzi wa daraja la reli ya kwanza hadi kazi ikasimama. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua wote wawili Desemba mwaka huo. Leo wamekaushwa na kuwekwa kwenye makumbusho huko Chicago, jambo ambalo bado linawaudhi Wakenya wengi, na si bila sababu.

Ukipanda basi, mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Voi na mkubaliane nauli kabla hujakaa. Yapo mabasi yanayotoza nauli ya Mombasa nzima hata kama unashukia njiani.

Stesheni ya SGR iko nje kidogo ya mji, kwa hiyo utahitaji bodaboda au teksi hadi stejini. Matatu za Wundanyi hupitia Mwatate, ambako ndiko makao makuu ya kaunti. Hadi Mwatate njia ni tambarare, jua kali, na mashamba ya mkonge yamepangwa kwa mistari iliyonyooka hadi macho yachoke. Hapo ndipo barabara inakunja na kuanza kupanda.

Kaa mbele kama nafasi ipo. Dereva anashuka gia, masikio yanaziba, na kila kona inakuonyesha bonde ulilotoka likizidi kuwa dogo. Mkonge unaisha, migomba inaanza. Kisha unaona matuta: vipande vya shamba vimechongwa kwenye mteremko mkali kama ngazi, mahindi, maharagwe, kabeji, na katikati mfereji mwembamba wa maji uliochimbwa kufuata ubavu wa mlima. Kilimo hiki cha mifereji Wataita wamekifanya kabla ya afisa kilimo yeyote kuja kuwafundisha. Ukishuka Wundanyi mjini, jasho la Voi limeshakauka mgongoni na unatafuta sweta.

3. Pata pa kulala Wundanyi

Usitegemee hoteli kubwa. Kuna gesti za mjini, nyumba za wageni na vyumba vya kupanga kwa siku kwenye miinuko ya pembeni. Maswali matatu ya kuuliza kabla ya kulipa: maji ya moto yapo au ni ya ndoo? Blanketi ni ngapi? Na gari au pikipiki inafika mlangoni, au kuna kipande cha kupanda kwa miguu? Hilo la tatu watu hulisahau, halafu wanaburuta sanduku la magurudumu kwenye mteremko wa mawe usiku. Njoo na mkoba wa mgongoni.

Ukishaweka mizigo, fanya kazi moja tu jioni hiyo: tafuta kiongozi wa kesho. Mwenye gesti atakuwa anamjua mmoja. Msitu utakaoingia asubuhi unasimamiwa na Huduma ya Misitu pamoja na chama cha wanajamii wanaoulinda, na kiongozi anayetoka kwenye chama hicho anazijua njia, anajua ndege analia wapi, na anajua kiingilio hulipwa kwa nani. Mkubaliane bei, saa na njia usiku huo huo.

4. Ingia Ngangao mapema

Milima ya Taita ni sehemu ya mwisho kaskazini ya mnyororo wa milima ya kale inayoanzia kusini mwa Tanzania, ile yenye Udzungwa, Uluguru na Usambara. Imezungukwa na nyika kavu pande zote, na kwa muda mrefu viumbe vyake vimebaki vikiishi peke yao huku juu. Ndiyo maana msitu wa Ngangao, ambao ni takriban hekta 120 tu na unaweza kuuzunguka asubuhi moja, una ndege ambao hutawaona nchi nyingine yoyote duniani.

Anza saa kumi na mbili asubuhi. Ndani ni kiza bado, majani yanadondosha maji ya ukungu hata kama hakuna mvua, na ardhi ni laini kama godoro. Usitembee haraka. Simama, nyamaza, sikiliza chini badala ya juu. Utasikia majani makavu yakipekuliwa: kwaru, kimya, kwaru. Huyo huenda ni ndege ambaye wataalamu humwita Turdus helleri: kichwa cheusi, ubavu wa rangi ya kutu, tumbo jeupe, mdomo wa chungwa. Hurusha jani moja pembeni kwa mdomo, huinamisha kichwa, hungoja, kisha hurusha jingine. Amebakia kwenye vipande vichache vya msitu wa milima hii, na msitu ukifyekwa hana pa kuhamia, kwa sababu hapendi hata kuvuka shamba la wazi kwenda kipande cha pili.

Wapo wengine wawili wa kuwatafuta kwenye matawi. Mmoja ni mdogo wa kijani mwenye duara kubwa jeupe kuzunguka jicho, utadhani amevaa miwani. Wa pili ni Apalis fuscigularis, mdogo zaidi, mwenye koo jeusi, na yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kabisa kutoweka. Kiongozi akikwambia leo hajaonekana, mwamini, usimshinikize aingie kichakani kumfukuza.

Kuna kiumbe kingine ambacho hutakiona ila ni vizuri kujua kipo chini ya viatu vyako. Kwa sura ni mnyoo mnene wa buluu-kijivu. Kwa ukoo ni ndugu wa chura. Boulengerula taitana huishi udongoni, hata mashambani, na wanasayansi waligundua kwamba watoto wake hukua kwa kula ngozi ya nje ya mama yao, ambayo hunenepa na kujaa mafuta kwa kazi hiyo. Wakulima huwafukua wakilima na wengi huwadhani nyoka.

Kama wewe ni mpenda maua kuliko ndege, omba kupelekwa Mbololo, mlima wa upande wa mashariki. Huko kuna ua dogo la zambarau, Saintpaulia teitensis, linaloota kwenye miamba yenye kivuli na halipo kwingine. Binamu zake wa Tanzania ndio wazazi wa maua ya chunguni yanayouzwa Ulaya yote. Mbololo ni mbali na hupandwa kwa miguu kwa muda mrefu. Itakula siku yako nzima. Ukiwa na watoto, baki Ngangao.

5. Vuria, kisha mapango

Kilele cha Vuria kina mita 2,208, ndicho kirefu kuliko vyote kaunti hii. Kina minara ya mawasiliano juu, kwa hiyo kuna njia ya gari na bodaboda hufika karibu kabisa na kilele kukiwa kukavu. Wapo wanaoona aibu kupanda mlima kwa pikipiki. Mimi naona ni akili: panda kwa pikipiki, shuka kwa miguu kupitia vijijini, magoti yako yakikuruhusu. Njiani utasalimiwa na kila mtu, na kila salamu yastahili jibu. Ukipita kimya utaonekana huna adabu. Mzee mpe shikamoo.

Kutoka juu ramani yote inajieleza. Nyika ya Tsavo imezunguka kama bahari ya kahawia, mlima Sagalla umesimama nyuma ya Voi, na mbali kusini-mashariki mlima Kasigau uko peke yake.

Mapango ya mafuvu yanahitaji utaratibu tofauti. Zamani Wataita walimzika mtu, na baada ya muda ukoo ulifukua fuvu na kulihifadhi pamoja na ya wahenga wengine kwenye pango au chini ya mwamba. Huko ndiko walikoombea mvua na afya ya mifugo. Ukristo ulipoenea desturi hiyo iliachwa, lakini mafuvu mengi bado yako pale pale, kwenye rafu za mawe, mengine yameota ukungu wa kijani. Hayo ni makaburi ya koo zilizo hai. Hatua zake ni hizi: mwambie kiongozi mapema kwamba unataka kwenda, yeye azungumze na wazee wa ukoo husika, kubali iwapo jibu ni hapana, ukikubaliwa, nenda na mzee au mwakilishi wao, usiguse kitu, na usitoe simu kupiga picha hadi uambiwe. Kitu kidogo cha shukrani kwa mzee ni kawaida. Kujipiga picha ukicheka mbele ya bibi wa mtu si kawaida popote.

6. Kula kimanga

Chakula cha kuulizia ni kimanga: mihogo au viazi vitamu vikapondwa pamoja na maharagwe au kunde hadi vishikane, huliwa na mboga au mchuzi. Kwenye hoteli za mjini hakipatikani kila siku, kwa kuwa wapishi hudhani mgeni anataka chipsi. Agiza asubuhi ukile jioni. Siku ya soko, Wundanyi hujaa mboga, ndizi, parachichi na miwa iliyoshushwa kutoka vijiji vya juu, na ndiyo siku ya kununua vikapu vya mkonge vya kusokotwa kwa mkono. Bei ya kikapu ijadili kwa kiasi. Kimoja kizuri ni kazi ya siku nyingi.

7. Shuka, na uchague upande mmoja

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanataka Tsavo Mashariki, maziwa ya Chala na Jipe, na chemchemi za Mzima ndani ya siku mbili, wanaishia kuona viti vya matatu. Kutoka Mwatate una njia mbili: kushoto kurudi Voi, kulia kwenda Taveta. Shika moja.

*Upande wa Voi.* Lala Voi, na usiku huo kubaliana na mwenye gari la utalii, ikiwezekana mchange na wageni wengine ili gharama ishuke. Kiingilio cha mbuga za KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si kwa noti langoni, kwa hiyo kamilisha malipo ukiwa na mtandao mzuri. Mwananchi hulipa kiwango chake, mgeni kiwango kingine, na kitambulisho ndicho kinachoamua. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Uwe hapo kabla ya hapo. Pikipiki haziruhusiwi ndani.

Tembo wa Tsavo ni wekundu kwa sababu hujirushia vumbi na kujigaragaza kwenye tope la udongo wenye chuma. Watafute Aruba, bwawa lililojengwa mwaka 1952 kwenye mto Voi, na chini ya mwamba wa Mudanda ulio kaskazini kuelekea Manyani. Mudanda una urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, na ni kati ya sehemu chache unaporuhusiwa kushuka garini: unapanda upande wa pili, unatambaa hadi ukingoni, na chini yako kuna bwawa la asili ambalo kiangazi huvuta makundi makubwa ya tembo. Ongea kwa kunong'ona. Maporomoko ya Lugard kwenye mto Galana ni mazuri pia, lakini ni mbali. Kwa nusu siku yaache.

Mchana ukibaki, panda Sagalla, mlima unaouona nyuma ya Voi. Mmishenari Mwingereza Alfred Wray alifika huko mwaka 1883, mapema kuliko reli. Kilichonivutia mimi zaidi, hata hivyo, ni uzio wa nyuki. Tembo hutoka mbugani usiku kula mahindi, na wakulima wa chini ya mlima wamening'iniza mizinga kuzunguka mashamba, kila baada ya mita kumi hivi, ikiunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuza. Tembo huogopa kuumwa machoni na ndani ya mkonga. Si kila usiku unafaulu, hasa ukame ukiua nyuki, lakini mwenye shamba hupata pia asali ya kuuza. Inunue.

Neno moja kuhusu vito. Voi utasikia habari za tsavorite, kito cha kijani kibichi kilichopewa jina la Tsavo, ambacho mwanajiolojia Campbell Bridges alikifuatilia kutoka Tanzania hadi akakipata Taita-Taveta mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kipande safi kinachozidi karati mbili ni adimu sana, basi mtu akikunong'onezea hotelini kwamba ana jiwe la ukubwa wa harage kwa bei ya deni la kibanda, hicho ni kioo cha chupa. Nunua kwa mwenye leseni, uondoke na risiti.

*Upande wa Taveta.* Matatu za Taveta hupitia Maktau, kisha barabara ya umma inakata ndani ya Tsavo Magharibi, na twiga hulisha kando ya lami bila wewe kulipa kitu. Kabla ya Maktau kuna LUMO, hifadhi iliyoundwa na mashamba ya pamoja ya jamii za Lualenyi, Mramba na Oza. Ukitaka kulala porini na pesa ziwaendee wenye ardhi, ni mahali pazuri.

Njia hii ndiyo uwanja wa vita. Agosti 1914 Wajerumani kutoka Tanganyika waliiteka Taveta, na Waingereza wakalazimika kujenga reli kutoka Voi kuwafuata. Tarehe 12 Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita wakapigwa vibaya, ingawa walikuwa wengi zaidi. Mwezi uliofuata ndipo walipoirudisha Taveta. Makaburi yapo Voi, Maktau na Taveta, yanatunzwa vizuri na kuingia ni bure. Soma majina, kisha utafute ya wapagazi Waafrika waliobeba vita hivyo vichwani mwao. Hutayapata mengi.

Watu wa Kasigau walilipia zaidi. Mwaka 1915 Waingereza waliwatuhumu kuwa waliwasaidia Wajerumani kushambulia kambi yao, wakachoma vijiji na kuwahamishia watu Malindi, ambako wengi walikufa kwa maradhi ya pwani. Ukifika kule chini ya mlima wa Kasigau, wenye mita 1,641, vijiji vitano vimeuzunguka na wanajamii wana mabanda ya kulaza wageni. Hadithi hii utaisimuliwa na wajukuu wenyewe. Ni safari ya siku mbili peke yake, upande mwingine kabisa wa kaunti, basi iweke kwa mara nyingine ama uache Taveta na mbuga zote mbili.

Taveta mjini kuna soko kubwa la ndizi, na mpaka wa Tanzania uko hatua chache tu. Ziwa Chala liko kaskazini ya mji, nusu saa hivi kwa pikipiki. Hutaliona ziwa hadi ufike ukingoni, kwa kuwa limo ndani ya shimo la volkano. Ghafla ardhi inakatika na chini kuna maji ya buluu yanayobadilika kuwa kijani wingu likipita. Yanatoka chini ya ardhi, kutoka Kilimanjaro, na kina kinazidi mita 90. Mpaka wa nchi mbili unapita katikati. Njia ya kushuka ni kali na ya mawe: viatu vyenye meno, fimbo, na kiongozi wa kijijini. Usiogelee. Kuna mamba, na mwaka 2002 walimuua msichana Mwingereza aliyekuwa akiogelea jioni. Wapo vijana watakaokwambia mamba wamekwisha. Acha waogelee wao.

Kusini kuna Ziwa Jipe, jingine kabisa: kina kifupi, matete tele, viboko, na milima ya Pare ng'ambo upande wa Tanzania. Nenda asubuhi, uombe mvuvi akuzungushe kwa mtumbwi pembeni mwa matete, mbali na viboko. Njiani, juu ya kilima, utaona kasri jeupe la Ewart Grogan, Mwingereza aliyejulikana kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo mwaka 1898 hadi 1900. Viongozi husimulia matembezi hayo kwa bashasha. Hawataji sana kwamba ndiye aliyewachapa Wakikuyu viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Mandhari ya pale ni mazuri vilevile.

8. Mkoba

Sweta zito na kofia ya jua, zote mbili. Viatu vilivyozoea mguu. Tochi, dawa ya mbu kwa siku za Voi na Taveta, na noti ndogo ndogo, kwa sababu M-Pesa inapokelewa karibu kila mahali ila mtandao wa simu msituni hupotea. Chupa ya maji iwe ya chuma au ya kudumu: tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga na misitu ya hifadhi Kenya, na askari wa langoni wanaweza kukunyang'anya chupa yako.

9. Kurudi

Chemchemi za Mzima ziko Tsavo Magharibi, na kuzifikia kutoka Voi ni kujizungusha bure. Mwenye gari azitembelee akirudi Nairobi kupitia lango la Mtito Andei. Maji yake yamechujwa kwenye mawe ya volkano ya Chyulu hadi unawaona samaki na, ukibahatika, viboko wakitembea chini yake kutoka chumba cha vioo kilichojengwa ndani ya maji. Bomba linatoka hapo hadi Mombasa. Asiye na gari akate tiketi ya treni ya kurudi siku ile ile anayokata ya kwenda. Jumapili kutoka Voi mabasi hupita yakiwa yamejaa kutoka Mombasa, na wanaosimama barabarani kupunga mkono husimama hadi usiku.